Vinu, Miko na Mbuzi: Vyombo vya Mti vya Pwani ya Kwale

Atokaye Mombasa kwenda pande za kusini kwa njia ya zamani huvuka maji kwa kivuko cha Likoni, kisha hushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania. Bahari i mkono wake wa kushoto, ingawa mara nyingi haionekani kwa ajili ya minazi, miembe na mikanju. Mkono wa kuume nchi huinuka pole pole mpaka vilima vya Shimba. Atapita Waa na Tiwi, atafika Ukunda penye njia panda ya Diani, na akiendelea atafika Msambweni, mwendo wa kilomita 50 hivi tangu Mombasa. Wasafiri wengi huja huku kutazama mchanga mweupe wa Diani, ama kuwaona palahala wa Shimba, wanyama ambao katika Kenya nzima hawapatikani porini ila huko. Wachache mno ndio waingiao uani kutazama vyombo vya jikoni. Nao hukosa jambo, maana ustadi wa watu wa nchi hii, na mashaka yao pia, huonekana uani kuliko mahali pengine.

Katika mji wa Kidigo jiko mara nyingi huwa kibanda nyuma ya nyumba, au pembe ya ua chini ya mwembe. Hapo husimama kinu, na mchi wake umeegemezwa ukutani. Kando yake ipo mbuzi ya kukunia nazi, yaani kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Katika makuti ya kibanda imechomekwa miko ya kusongea sima na kupakulia wali, pamoja na upawa wa kifuu wenye mpini wa mti. Kipo pia kibao cha kusukumia chapati, na kingine cha kukatia samaki na mboga. Kila chombo kina kazi yake. Majani ya muhogo hayawi kisamvu bila ya kupita kinuni, wala mbaazi za nazi hazipatikani bila ya mbuzi. Sufuria za chuma na ndoo za plastiki zimeingia kila nyumba, na wenye umeme wana mashine za kusagia. Walakini kinu hakijatoka uani.

Basi vyombo hivi vyahitaji nini? Mtu aweza kudhani ya kuwa chombo cha mti hakina shida: hakivunjiki kama kigae, hakipati kutu kama chuma. Lakini mara ngapi kinu kipya huonekana kimepasuka kitako kabla ya masika mawili kupita? Mara ngapi mwiko hutolewa katika makuti ukiwa na ukungu, ukapanguswa kwa kanga, ukatiwa chunguni? Hasara yake ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya fedha, maana kinu kizuri hakipatikani kwa bei ndogo. Ya pili ni ya afya, na zaidi ya afya ya watoto wadogo, ambao tumbo likiwaharibika hudhoofika upesi. Ya tatu ni ya miti yenyewe, nayo itaelezwa mbele.

Kwanza yafaa kujua mti ulivyo. Mti ulio hai ni kama fungu la mianzi myembamba mno iliyosimama pamoja, ambayo kwayo maji hupanda toka mizizini. Mti ukikatwa, mianzi hiyo hubaki. Ukilowa hunywa maji ukanenepa. Ukikauka hutoa maji ukakonda. Urefu wake haubadiliki sana. Kinachobadilika ni upana. Tena haukondi sawasawa: kwa kufuata duara la gogo hukonda kadiri ya mara mbili kuliko uelekeapo kiini. Kwa sababu hiyo gogo zima likikauka halina budi kupasuka, na ufa wake huanza kiinini ukaenda nje kama mti wa gurudumu la baiskeli. Kinu huchongwa katika gogo zima. Fundi akichimba tumbo la kinu huondoa sehemu ya juu ya kiini, lakini kitakoni kiini hubaki. Ndiyo maana vinu vingi huanza kupasuka kitakoni.

Hali ya hewa ya pwani huongeza taabu hiyo. Katika masika, mwezi wa Aprili hata Juni, hewa hujaa unyevu na nguo hazikauki kambani. Kaskazi ikivuma, jua la Januari na Februari huwa kali, na mti uliokuwa umenenepa hukonda. Chombo kilichooshwa kikaachwa juani mchana kutwa hupata mabadiliko ya miezi mingi katika saa chache. Upande wa nje hukauka na kukonda, hali upande wa ndani bado umelowa na kunenepa. Pande mbili zikishindana hivyo, mti hupasuka.

Kwa hiyo anunuaye kinu kipya asikiweke juani wala kando ya moto. Na akiweke kivulini, amekifunika kwa gunia au kukizika katika maranda, kikauke pole pole kwa majuma kadhaa. Kitako na mdomo wake vipakwe nta, maana hapo ndipo midomo ya ile mianzi ilipo, na maji hutoka kwa upesi zaidi. Na akitazame kabla ya kulipa. Mti mweupe wa nje, ulio karibu na ganda, ni mtamu kwa bungua, kwa kuwa una wanga. Mti wa ndani ulioiva ni mgumu na wadudu hawaupendi sana. Mkwaju husifiwa kwa vinu na michi kwa ajili ya ugumu wake. Mwembe ni mwepesi kuchongwa na hupatikana kila mahali, lakini usipokaushwa vema huingia madoa ya ukungu na kubunguliwa.

Sasa kuosha. Kosa la kwanza ni kulowesha. Mwiko au kibao kikilazwa katika karai la maji usiku kucha, hunywa maji mpaka moyoni, na asubuhi kikianikwa hupinda au kupasuka. Vyombo vya mti na vioshwe mara baada ya kazi, kabla uchafu haujakauka, kwa maji ya moto na sabuni kidogo, vikasuuzwe kwa maji safi, basi. Kwa kusugulia, makumbi ya nazi hayana mfano: yana ukali wa kutosha kuondoa uchafu, walakini hayachubui mti kama sugulio la chuma. Chuma huacha mikwaruzo, na katika mikwaruzo ndimo ukoga ujifichamo.

Wazee wa pwani husugua pia kwa majivu, na desturi hiyo ina maana. Majivu ya kuni yana magadi ndani yake. Yakikutana na mafuta huyageuza yakawa namna ya sabuni, nayo huondoka na maji. Ila yasiachwe yakakaa juu ya mti, maana huufanya mweusi. Kibao kilichokatiwa samaki husuguliwa kwa chumvi ya mawe na nusu ya ndimu. Shombo ya samaki hutokana na vitu vyenye asili ya magadi, na ukali wa ndimu huvivunja nguvu. Ndiyo sababu harufu hukatika. Chumvi nayo hufanya kazi ya kukwaruza na kunyonya unyevu. Baada ya dakika chache kibao husuuzwa na kusimamishwa.

Kinu kina taabu yake, kwa kuwa tumbo lake ni refu na mkono haufiki vema. Ni vizuri nyumba iwe na vinu viwili: kikubwa cha nafaka na kisamvu, na kidogo cha kitunguu thumu, tangawizi na pilipili. Mabaki ya unga au majani yakigandamana chini, hutiwa konzi ya chumvi ya mawe au ya mchele mkavu, kikatwangwa kidogo, kikamwagwa, ndipo kikaoshwa. Mchi usisahauliwe. Wengi huosha kinu wakaegemeza mchi na unga wake, na kesho yake mende wamekwisha kula karamu.

Kukausha ni jambo kubwa kuliko kuosha. Katika nyumba nyingi mjukuu hufundishwa hivi na bibi yake:

"Bibi, kinu nimeshakiosha."

"Umekiosha, mjukuu wangu, lakini umekiacha kimekaa juu ya mchanga na maji yamo tumboni. Kiinamishe juu ya vijiti viwili, upepo upite chini."

"Nisikitie juani?"

"Jua la asubuhi kidogo, likitoka tu. La adhuhuri ni la kuanikia mpunga, si la kuanikia kinu."

Maneno hayo machache ni elimu tosha. Chombo cha mti hukauka kwa upepo kuliko kwa moto. Kibao kisilazwe chali, bali kisimamishwe kwa ukingo ili pande zote mbili zipate hewa sawasawa. Kikikauka upande mmoja hupinda kama kombo. Kinu kisikae juu ya udongo mtupu, maana mchwa hawahitaji kualikwa mara mbili. Ulimi wa mbuzi upanguswe na machicha ya nazi yaondolewe katika meno, kwa sababu machicha yakikaa huchacha, na chuma kikapata kutu ambayo kesho itaingia tuini.

Watu wengine husema ya kuwa mti ni mchafu kwa asili, na ya kuwa plastiki ni safi kuliko mti. Habari hiyo ilichunguzwa. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya mbao za kukatia nyama. Waliona ya kuwa vijidudu vya maradhi vilivyotiwa juu ya mti vilizama ndani na baada ya muda havikupatikana tena juu yake, hali juu ya plastiki iliyokatwakatwa na visu vilidumu na ilikuwa vigumu kuviondoa kwa kuosha. Maana yake si kwamba mti hauhitaji kuoshwa. Maana yake ni kwamba mti uliooshwa na kukauka haustahili kudharauliwa. Walakini sharti moja lisivunjwe: kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisikatiwe kachumbari, hata kikionekana safi. Aliye na uwezo awe na vibao viwili. Asiye na uwezo na akate kachumbari kwanza, kuku baadaye, kisha akioshe kibao kwa maji ya moto na sabuni.

Juu ya ukungu yapasa kusema wazi. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Sumu ile ilitoka katika mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka vema, wala si katika vinu. Lakini yatupasayo kujifunza ni mamoja: unga na unyevu vikikaa pamoja, kuvu huzaliwa. Ufa wa kinu ulioshika unga wa jana ni ghala ndogo lenye unyevu. Mwiko wenye madoa machache ya ukungu juu juu waweza kusuguliwa, ukapigwa msasa na kukaushwa. Ukungu ukiisha kuingia ndani na mwiko ukawa laini au kunuka, utiwe motoni upate kuwa kuni. Na nafaka yenye ukungu isitwangwe kabisa kwa tamaa ya kuiokoa, maana sumu hiyo haiondoki kwa kutwanga wala kwa kupika.

Neno msasa lenyewe laonyesha jinsi ujuzi huu ulivyo wa zamani. Kabla ya karatasi ya dukani, mafundi walitumia majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka. Mwiko ulioota manyoya kwa kutumiwa sana hupigwa msasa kwa kufuata nyuzi za mti, hapana kuzikata, kisha hupakwa mafuta.

Mafuta gani? Watu wa pwani wana jibu karibu nao. Mafuta ya nazi hayachachi upesi kama mafuta ya mahindi au ya alizeti, wala hayaachi utando unaonata. Lakini mafuta yaliyopikwa nyumbani yakibakiwa na maji au tui huchacha. Yapikwe mpaka yaache kulia chunguni, ndipo yachujwe. Mafuta ya nazi hayakauki juu ya mti, na maji ya moto huyaondoa. Kwa hiyo huongezewa nta ya nyuki. Sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta hutiwa katika kopo, na kopo hutiwa katika sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 64 hivi, kwa hiyo haihitaji kuwekwa juu ya moto wenyewe, ambako yaweza kushika na kuwaka. Chombo kikiwa kikavu kabisa hupakwa kwa kitambaa, huachwa usiku mmoja, na asubuhi hupanguswa. Kufanya hivyo mara moja kwa mwezi, na zaidi wakati wa kaskazi, kwatosha. Rangi na vanishi za milango zisipakwe ndani ya chombo cha chakula, wala dawa ya kuulia wadudu. Unga mweupe ukionekana chini ya tundu ndogo, bungua yumo. Kijiko au mwiko hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, kisha hukaushwa kivulini, nacho hutengwa na vingine.

Mambo haya hayawahusu akina mama wa jikoni peke yao. Kando ya njia ya Diani vipo vibanda vya wachongaji, na humo huuzwa vijiko, mabakuli na sahani za mti kwa wageni. Biashara ya kuchonga kwa kuuza yasemekana ilianzishwa miongoni mwa Wakamba na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa vita vya 1914 hata 1918. Tangu hapo imelisha nyumba nyingi. Lakini bakuli lililochongwa katika mti mbichi, likang'arishwa na kuuzwa juma lile lile, husafiri kwa ndege mpaka nchi za baridi. Huko nyumba hutiwa moto wakati wa baridi, na hewa ya ndani huwa kavu kuliko ya Diani siku yoyote ya mwaka. Bakuli hupasuka, na mnunuzi husema ya kuwa vitu vya Kenya ni vibovu. Fundi hayumo kujitetea. Mchongaji akaushaye mti wake kwanza, na kumwambia mnunuzi kwa maneno mawili namna ya kuosha na kupaka mafuta, huuza kitu pamoja na jina lake zuri.

Sasa ile hasara ya tatu. Apandaye kutoka Kombani kwenda Kwale huacha joto la pwani nyuma, akaingia katika nchi ya vilima ya kadiri ya meta 400 juu ya bahari, yenye misitu ambayo tangu mwaka 1968 ni hifadhi ya taifa. Huko na katika misitu midogo ya pwani ndiko kulikokuwa na miti migumu waliyoipenda mafundi: mvule, mbambakofi, muhugu. Muhugu ulichongwa sana hata ukawa haba, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wameshauriwa kutumia mwembe na mwarobaini, miti ya mashambani ambayo si haba. Mwembe uliozeeka, usiozaa tena, hutoa vyombo vingi bila ya kuugusa msitu.

Karibu na Diani ipo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Kaya kadhaa za pwani zimelindwa kwa sheria tangu mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Aingiaye Kinondo hufungwa shuka nyeusi, na huambiwa miko ya mahali: asikate tawi, asichukue kitu. Kiswahili kina neno moja, mwiko, kwa chombo cha kusongea sima na kwa jambo lisilofanywa. Pengine ni bahati tu ya lugha, lakini yafaa kulifikiri. Mti wa kinu huchukua miaka mingi kukua, na mtu aweza kuuharibu kwa juma moja la jua na maji. Nyumba inayobadili kinu kila baada ya miaka mitatu hudai miti mingi kuliko nyumba inayorithisha kinu kutoka kwa bibi kwa mjukuu. Hivyo atunzaye mwiko wa jikoni husaidia kutunza na mwiko wa kaya.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi wala mashine: maji ya moto, makumbi, ndimu moja, mafuta kidogo, na upepo ambao pwani haiuzwi. Kijana wa kiume apaswa kuijua sawa na dada yake, maana wote hula. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kinu hauzibiki vema ukiisha kufunguka. Huzuiliwa kabla, kwa kukausha pole pole, kuosha upesi na kuinamisha juu ya vijiti viwili.